Fundi wa Rangi ya Samaki

Nyumba yake haikuwa na rangi. Hilo ndilo jambo la kwanza watu wa Pangani walilomcheka, nami nilikuwa miongoni mwao. Mtu aliyepaka meli maisha yake yote alistaafu, akajenga nyumba ya tofali za saruji, akaiacha hivyo hivyo na kijivu chake, kama mtu aliyeoga akasahau kuvaa. Ukimuuliza, aliutazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza anauona, kisha akasema, "Huu unakwenda wapi? Hausafiri. Nitaupakia nini?"

Tulimwita Fundi. Pangani hii yetu ya Kibaha ina mafundi wengi, wa friji, wa pikipiki, wa makochi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walikuonyesha geti lake.

Nilimfahamu kabla ya Pangani. Mimi sikai mahali. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na tangu hapo elimu yangu imekuwa kuwatazama watu wakifanya kazi na kuwauliza maswali mpaka wanifukuze. Msimu mmoja nilifika Dar kwenye chelezo, pale meli inapotolewa majini na kusimamishwa pakavu ili ikwanguliwe na kupakwa upya. Kazi yangu ilikuwa kukoroga rangi na kuosha ndoo. Yeye alikuwa juu ya jukwaa, bunduki ya rangi mkononi, akitembea ubavuni mwa meli polepole, hatua zake na mkono wake vikienda pamoja. Hakunifukuza. Nikiuliza swali alijibu, na nikinyamaza aliniuliza kama naumwa.

Alikuwa na kipimo kimoja cha kazi nzuri. Rangi ikishakauka, aliipita kwa ukucha wa kidole gumba, mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha alisema, "Imeshika." Au hakusema kitu, na hapo ulijua mnarudia ubavu mzima. Ukucha ule ulikuwa mnene na mweusi kama ganda la korosho. Vijana walimtania kwamba siku akiukata, chelezo kitafungwa.

Michirizi ya rangi inayoteremka kwa sababu imepakwa nzito aliiita machozi. "Nani kamliza huyu?" aliuliza chini ya meli, akinyoosha kidole, na mwenye kosa alipanda mwenyewe kwenda kufuta. Sikumsikia akimtukana mtu. Lakini siku upepo ulipobadilika ghafla na vumbi la rangi likatua kwenye gari jeupe la mkubwa wa kazi, gari likawa na madoadoa mekundu kama limepata surua, alicheka mpaka akakaa chini. Mkubwa alimuuliza kinachomchekesha. Alijibu, "Kila siku linatua vifuani mwetu, mzee, ila huko hakuna anayeliona."

Kwa sababu ya hayo ya vifuani tulipewa maziwa. Kila jioni, kila mpaka rangi alipata nusu lita, ayanywe pale pale asafishe kifua. Ndivyo tulivyoamini, na waliotupa nadhani waliamini pia. Fundi alipostaafu hakuacha. Saa kumi na moja jioni alikaa kwenye kibaraza chake cha kijivu na pakiti ya maziwa, akinywa huku anakohoa.

Sasa niwaeleze rangi ya samaki, maana bila hiyo hamtamwelewa.

Meli hupakwa tabaka kadhaa. La mwisho, chini ya mstari wa maji, ni rangi ya pekee inayozuia chaza na majani ya baharini yasiote kwenye tumbo la meli. Makopo yake yalikuja na maandishi ya lugha za watu wengine na kapicha kadogo: samaki amelala tumbo juu, pembeni yake mti usio na majani. Sisi tukaiita rangi ya samaki. Tulidhani samaki yule anatuambia kwamba hii ni rangi ya baharini, isije ikachanganywa na ya majumbani. Mti hatukuujadili.

Makopo hayakuisha kabisa, na mabaki tuliruhusiwa kubeba. Nani angeacha? Nguzo ya banda iliyopakwa rangi ya samaki, mchwa hawakuisogelea. Wapaka rangi wa chelezo kile ungewatambua kwa milango yao ya vyoo, yote myekundu, yote mizima miaka na miaka. Mimi mwenyewe niliwahi kuipaka benchi langu.

Fundi hakupaka kitu chake hata kimoja. Mabaki yake alikuwa anayakusanya, na yalipofika ya kutosha aliyapeleka Kurui, ndani ndani huko Kisarawe, kwa wakwe zake.

Mkewe, tuliyemwita Mama, ni mtu wa Kurui. Fundi alipomwoa alikuwa kibarua wa kukwangua kutu, na ukweni walimpokea kama wanavyopokea mvua ya Januari, kwa adabu na bila matumaini. Kijijini hapo palikuwa na tangi kubwa la saruji lililokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati la msikiti. Kila kiangazi maji yaliyobaki yaliota ukijani, yakateleza, yakanuka, watu wakayanywa hivyo hivyo kwa kuwa mbadala wake ulikuwa mwendo mrefu na ndoo kichwani. Fundi akaingia tangini mwaka mmoja lilipokauka. Akalisugua, akalipaka mikono mitatu ya rangi ya samaki, akalipita kwa ukucha.

Ukijani haukurudi tena. Maji yalikaa mwaka mzima meupe, unaona sakafu. Wakaliita Tangi la Shemeji. Akienda ukweni, aliletewa kiti chenye mgongo, kiti pekee cha aina hiyo katika ua ule, hata kama kuna mtu amekikalia. Alinisimulia kiti hicho mara nyingi kuliko meli zote alizopaka. "Meli inaondoka," aliniambia. "Ukiikuta tena imechubuka, hata haikukumbuki. Lile tangi lipo, na ninasalimiwa kwa sababu yake."

Miaka ikapita. Mimi nilikuwa Mlandizi nikichoma tofali, kisha Misugusugu nikishusha mizigo kwenye magodauni, ndipo nikakuta godauni moja limesimamishiwa bamba la chuma refu kuliko nyumba, limekunjwa kama tumbo la meli. Majirani walikuwa wakipita kushangaa. Mama muuza chapati akawauliza wenye godauni, "Mkimaliza mtaishushia wapi hiyo meli? Ruvu?"

Walichokuwa wakijenga si meli bali mashine ya kupaka meli. Mkuu wao alikuwa dada mmoja tuliyemwita Injinia, mwembamba, mwenye haraka ya kusema na subira ya kusikiliza. Mashine yenyewe ilikuwa kama kobe mpana mwenye magurudumu ya sumaku. Ilipanda chuma kilichosimama wima bila kamba, ikibeba bunduki ya rangi, na kuzunguka mdomo wa bunduki palikuwa na kofia yenye sketi ya brashi iliyogusa chuma pande zote. Bomba nene lilinyonya vumbi la rangi chini ya sketi ile kabla halijatoka, likalipeleka kwenye pipa. Nilisimama mlangoni mpaka Injinia akaniuliza nataka nini. Nikamwambia mashine yake inaliza chuma, na kwamba namjua mtu wa kuifundisha.

Fundi alikuja amevaa shati la Ijumaa.

"Shikamoo, Baba," Injinia alimwamkia.

"Marahaba, mama. Ndiyo huyu mwanafunzi?"

"Ndiye."

Fundi akamzunguka kobe. "Hasalimii?"

"Bado hatujamfundisha."

"Mtaanza na rangi, adabu baadaye. Haya, apande."

Mashine ikapanda, ikapaka mstari ulionyooka kuliko mstari wowote wa binadamu. Ilipofika penye mshono, mahali mabamba mawili yalipounganishwa kwa kuchomelewa, ikapunguza mwendo. Baada ya dakika chache machozi yakateremka.

"Nani kakuambia asimame hapo?" Fundi aliuliza.

"Mshono unahitaji rangi nyingi zaidi, Baba."

"Nyingi, sawa. Lakini si kwa mkupuo. Apite upesi, aende zake, arudi apite tena. Kama unamsuka mtoto anayelia. Huvuti nywele zote mara moja."

Injinia akacheka, akaandika. Wakarekebisha, ikapanda tena, na safari hii mshono ukakaa kavu na sawa. Alikuwa na kipimo cha umeme cha kujua unene wa rangi. Fundi alipita kwa ukucha akataja panapozidi na panapopungua, Injinia akaweka kipimo, na kipimo kikakubaliana na ukucha. Kuanzia siku hiyo alifuatwa nyumbani mara tatu kwa wiki.

Wenzake wa zamani walimsema. Mmoja alifika hadi kibarazani. "Unaifundisha ije iwanyang'anye vijana kazi?"

Fundi alimeza maziwa kwanza. "Iichukue. Mimi kazi hii ilininyang'anya kifua. Kama kuna mjukuu wako anayeitaka, mlete nimsikilizishe ninavyopumua."

Na bado, jioni hiyo hiyo, alinieleza kwa nusu saa nzima, mikono ikienda hewani, jinsi rangi ya mwisho inavyotakiwa kulala juu ya ya chini ikiwa bado ina unyevu kidogo. Aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali. Niliwahi kumwambia hivyo, akaniambia nikaoshe ndoo.

Siku ya rangi ya samaki ilifika kwa utulivu tu. Walikuwa wamemaliza matabaka ya chini. Injinia akaleta makopo mapya, akawaita wote wavae barakoa nzito kabla hayajafunguliwa. Fundi akaona kapicha, akafurahi kama amekutana na mtu wa kwao.

"Samaki wetu huyo! Bado yupo."

"Mnamjua?" Injinia aliuliza.

"Rangi ya samaki. Ya baharini."

Injinia alimtazama kuona kama anatania. "Baba, huyo samaki amekufa. Ni alama ya hatari. Ina maana hii ikiingia kwenye maji inaua viumbe, na huo mti ni hivyo hivyo. Ndiyo sababu tumehangaika na kofia hii na bomba hili. Tunataka isitoke hata punje."

Fundi akaupitisha ukucha juu ya kapicha. Nilidhani anafikiria kifua chake.

"Ikikauka, si inakuwa imekufa?" aliuliza.

"Hapana. Ikikauka ndiyo inaanza kazi. Inaachia sumu kidogo kidogo ndani ya maji, ndiyo maana chaza hawaoti."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea. Miaka."

Akavua glavu, moja kisha nyingine, akazipanga juu ya kopo. "Mama," alimwambia Injinia, "leo kichwa kinaniuma." Akatoka. Nilimfuata. Tulipofika getini kwake aliniuliza kama pikipiki yangu ina mafuta ya kufika Kurui.

Hatukwenda siku ile. Alikaa siku mbili. Mama alinisimulia baadaye kwamba usingizi haukumjia na hakunywa maziwa. Mama ndiye aliyemaliza mjadala. Alimwambia, "Wale ni ndugu zangu. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi, na mimi nitawaambia vibaya."

Tulifika Kurui asubuhi. Kiti chenye mgongo kililetwa. Hakukikalia. Mwenyekiti wa kamati ya maji ni dada wa Mama, mwanamke mrefu ambaye wote walimwita Mama Mkubwa, na watu wengine wapatao kumi walikuwa wamekusanyika kwa sababu Fundi aliomba hivyo. Alisimama akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akawaambia. Hakuzunguka. Alieleza samaki, mti, na yale aliyoyasema Injinia, kisha akasema wasiyanywe tena maji yale.

Kwanza walicheka. Mzee mmoja akasema, "Shemeji, umezeeka, sasa unataka kutunyang'anya tangi?"

"Maji meupe kama yale?" mwingine akadakia. "Hata inzi akianguka unamwona!"

"Ndiyo maana yakawa meupe," Fundi alisema. "Hakuna kitu kinachoweza kuishi ndani yake."

Kicheko kikaisha chenyewe. Mama Mkubwa alikuwa hajacheka tangu mwanzo. "Wajukuu zangu wote wamekuzwa na maji yale," alisema.

"Najua, shemeji."

"Basi unasema nini?"

"Nasema sijui nimewanywesha nini. Pengine kidogo, pengine si kidogo. Sijui. Nilikuja zamani nikijua, nikalipaka tangi. Leo nimekuja sijui."

Kuku walipita katikati yetu. Kisha Mama Mkubwa akauliza. "Na leo jioni tutapikia maji gani?"

Tulirudi Kibaha. Kesho yake Fundi akashusha tangi lake mwenyewe la plastiki, lile lililokuwa juu ya mnara nyuma ya nyumba, akakodi pikapu akalipeleka Kurui pamoja na mapipa mawili ya maji. Mama alimuuliza, "Na sisi?" Akajibu kwamba bomba la jirani halijafa. Tangu siku hiyo Fundi alionekana akivuka barabara na ndoo, na watu wa Pangani wakapata la kucheka tena.

Jambo la pili alilolifanya ni kumrudia Injinia. Alimweleza yote, kisha akaomba mashine. Haikuwa na kazi ya kupaka tu. Ilikuwa pia na kichwa cha kukwangulia, kinachobandua rangi kuukuu chini ya sketi ile ile ya brashi na kuinyonya bila kuacha vumbi.

Injinia alisikiliza mpaka mwisho. "Baba, itapandaje? Magurudumu ni ya sumaku. Lile tangi ni saruji."

Fundi hakuwa amelifikiria hilo, na mimi pia sikulifikiria. Alitazama ukucha wake. "Basi kifungue kichwa," alisema. "Nitakishika mimi."

"Kwa kifua hicho?"

"Kwa kifua hiki, na hiyo barakoa yako nzito."

Injinia alikataa, akakataa tena, kisha akaja mwenyewe Kurui na jenereta, bomba, mapipa na barakoa tatu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Maji yaliyobaki tangini yalifika kwenye kifundo cha mguu, tukayachota yote kwenye mapipa yenye mifuniko, ili yaondoke naye kwenda kwa watu wanaopokea taka za sumu, asije mtu akayamwagia mihogo. Fundi akaingia kwa ngazi. Siku tatu alikwangua alichokipaka, kipande kwa kipande, akishika kile kichwa jinsi alivyokuwa akishika bunduki zamani, hatua na mkono vikienda pamoja. Kila nusu saa Injinia aligonga ukuta wa tangi kwa jiwe, naye alitoka apumzike. Hakubisha hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi chake.

Mwisho wa siku ya tatu saruji ilikuwa imebaki na wekundu hafifu kwenye vinyweleo vyake. Injinia aliwaambia watu ukweli: mvua ya kwanza na ya pili wafyatulie tofali, wasinywe, naye atachukua maji yakapimwe, na hata hapo hawezi kuahidi. Mama Mkubwa akafunga koki kwa mnyororo. Hakumshukuru Fundi, na Fundi hakungoja.

Niliondoka baada ya hapo, kama kawaida yangu. Nilikwenda Kilosa, nikakaa, nikarudi. Nilipofika Pangani nyumba ilikuwa ya kijivu vile vile, na Mama akaniambia amekwenda ukweni. Godaunini Misugusugu bamba lilikuwa limepakwa hadi juu, jekundu bila chozi hata moja, na mashine ilikuwa imekwenda chelezoni kujaribiwa kwenye meli ya kweli. Muuza chapati aliniambia haikupitia Ruvu.

Nilimkuta Kurui nyuma ya msikiti. Masika yalikuwa yanaisha. Mnyororo ulikuwa bado kwenye koki; maji yalikuwa yamepimwa mara moja, yangepimwa tena. Fundi alikuwa amepungua, shati limekuwa kubwa. Alikuwa ameburuta kiti chenye mgongo hadi kwenye ukuta wa tangi, amekipanda kwa miguu miwili, amefungua mfuniko na kuingiza mkono hadi begani.

"Shemeji!" Mama Mkubwa alimpigia kelele kutoka uani. "Hicho kiti ni cha kukalia!"

"Nakuja kukikalia."

"Ukianguka humo, sisi hatukutoi!"

Nilimwamkia. Aliitikia bila kugeuka. "Panda uone," aliniambia, akasogea nikapata nafasi ya mguu mmoja. Nikachungulia. Ukutani, pale maji yalipoishia, palikuwa na utepe mwembamba wa kijani ukizunguka tangi lote, ule utelezi uliowasumbua kabla yake.

"Injinia anasema huo si cheti," alisema. "Tusubiri kipimo."

"Sawa, Fundi."

Lakini hakushuka. Akaunyoosha tena mkono, akaupita ukijani ule kwa ukucha wa kidole gumba, mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Akautazama ukucha juani.

"Imeshika," alisema.